Kukata Bila Kuponda: Historia ya Kikatio cha Biri

Tumbaku imezaa vyombo vingi duniani: kiko, tabakero ya ugoro, buruma, kiberiti cha gesi, kisahani cha majivu. Kati ya vyote hivyo, kikatio cha biri ndicho kinachopuuzwa zaidi. Ukikitazama ni mabamba mawili ya chuma au plastiki, wembe mmoja au nyembe mbili katikati, na matundu ya kuingizia vidole. Hakina injini, hakina umeme, na vilivyo vingi havina hata springi. Kazi yake huisha kufumba na kufumbua: kuondoa kipande chenye unene wa milimita mbili hivi kwenye kichwa cha biri, moshi upate pa kupita.

Kipande hicho kimewashughulisha mafundi wa visu tangu karne ya 19 hadi leo. Biri ni kitu laini, chenye hewa ndani, kilichovikwa jani jembamba linalochanika likiguswa vibaya. Ukiibana inapondeka. Ukiikata kwa makali butu, jani la nje linafumuka na mvutaji anabaki na vipande vya tumbaku ulimini. Basi swali ni moja: unakikataje kitu kama hicho bila kukiponda? Kila aina ya kikatio iliyowahi kutengenezwa ni jibu la swali hilo, na kila jibu lilifuata mabadiliko ya biri yenyewe, au ya chuma, au ya desturi za wavutaji.

Jani lenye kofia

Novemba 1492 Christopher Columbus, akiwa pwani ya Cuba, aliwatuma watu wake wawili, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, waingie bara. Walirudi na habari za watu wanaotembea na misokoto ya majani, imewashwa upande mmoja, nao wakivuta moshi kwa upande wa pili. Hao walikuwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi. Msokoto wao ulikuwa majani makavu yaliyofungwa ndani ya jani jingine kavu. Uliwashwa ukavutwa, na kisu hakikuhitajika.

Haja ya kukata ilikuja biri ilipogeuka kuwa bidhaa ya kiwandani. Hispania ilijenga kiwanda kikubwa cha tumbaku cha kifalme mjini Seville. Ujenzi ulianza 1728, na kazi ikaanza ndani yake 1758. Katika karne ya 19 maelfu ya wanawake walikuwa wakisokota biri humo, na ndiko alikotoka Carmen, mhusika wa riwaya fupi ya Prosper Mérimée iliyochapishwa 1845 na ya opera ya Georges Bizet ya 1875. Jengo hilo sasa ni la Chuo Kikuu cha Seville. Ng'ambo ya bahari, Havana ilijijengea jina lake kwa ubora wa jani na wa mikono.

Biri ya mkono ina tabaka tatu. Ndani kabisa kuna majani ya kujaza, yaliyokunjwa kwa urefu ili hewa ipite katikati yake. Hayo hufungwa kwa jani gumu linaloshika umbo. Juu ya yote huviringishwa jani la nje, lililo bora na ghali kuliko yote, jembamba, nyororo, bila tundu wala mshipa mnene. Sasa jani hilo la nje likishaviringishwa hadi mwisho, nani atalizuia lisifumuke? Msokotaji hukata kipande kidogo cha jani la aina ileile, akakizungusha kichwani mwa biri na kukibandika kwa gundi ya mimea isiyo na rangi wala ladha. Hiyo ndiyo kofia. Inalifunga jani la nje, inakipa kichwa umbo la mviringo, na inailinda biri isifumuke katika masanduku na safari za meli.

Kumbe wembe wa kwanza kuigusa biri si wa mvutaji bali wa msokotaji mwenyewe. Nchini Cuba chombo hicho huitwa chaveta: kisu bapa chenye makali ya mviringo kama nusu mwezi, kisicho na mpini. Msokotaji hukizungusha juu ya ubao kwa kiganja, akakata jani kwa mkato mmoja unaopinda, na kwa ubapa wake akaiviringisha biri iliyokamilika. Kuanzia 1865 wasokotaji wa Havana walianza kusomewa magazeti na riwaya wakiwa kazini, na walipopendezwa na msomaji waligonga chaveta zao mezani badala ya kupiga makofi. Kwenye meza hiyohiyo huwekwa kikatio kidogo cha kusawazisha mguu wa biri, yaani upande utakaowashwa, ili biri zote za aina moja zilingane urefu.

Kwa hiyo biri hutoka kiwandani mguu ukiwa wazi na kichwa kikiwa kimezibwa. Kofia ndiyo mama wa kikatio. Ushahidi uko India: biri za Trichinopoly, walizozipenda Waingereza waliotumikia huko, zilikatwa wazi pande zote mbili tangu kiwandani, na mvutaji wake hakuwa na haja ya kubeba kitu zaidi ya moto.

Kutoka menoni hadi kwenye kizibao

Kwa muda mrefu kofia iliondolewa kwa vilivyokuwa karibu: meno, kucha, kisu cha mfukoni. Vyote vilikata, na vyote viliharibu. Meno huponda kabla ya kukata. Kucha hufuata mkunjo wa jani na kulichana. Kisu cha mfukoni huikandamiza biri upande mmoja dhidi ya kidole gumba, ikatoka imebonyea, na mara nyingine damu ikatoka pamoja nayo.

Biri ilisambaa kwa vita. Agosti 1762 Waingereza waliiteka Havana na kuishikilia mpaka mwaka uliofuata, na inasimuliwa kwamba Israel Putnam, ofisa kutoka Connecticut aliyekuwa katika kampeni hiyo, alirudi kwao na shehena ya biri. Kati ya 1808 na 1814 majeshi ya Uingereza na ya Ufaransa yalipigana katika rasi ya Hispania, na askari wakarudi makwao na mazoea mapya. Waungwana wa London na Paris, waliokuwa wamezoea ugoro na kiko, wakaanza kuvuta biri. Vikatengwa vyumba vya kuvutia, yakashonwa makoti ya kuvutia, na mwungwana aliyefungua sanduku la biri mbele ya wageni hakutaka kuonekana akitafuna kofia na kuitema.

Hapo ndipo wahunzi wa visu walipoingia. Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani ilikuwa miji ya visu tangu zamani. Sheffield ilikuwa na chuma cha pua safi kilichoyeyushwa kwenye vyungu kwa mbinu ya Benjamin Huntsman ya miaka ya 1740. Mafundi walitengeneza vikatio vidogo vya kuning'inizwa kwenye mkufu wa saa ya mfukoni, juu ya kizibao. Vilikuwa vya fedha, vya dhahabu, vya shaba, vya umbo la chupa, la kiatu, la kichwa cha mnyama. Tundu lake lilikuwa dogo, na kulikuwa na sababu: biri nyingi za karne ile zilichongoka kichwani, hata wembe mdogo ukatosha.

Vikatio vya mezani vilikuwa vikubwa zaidi, na vingine vilitiwa mpini wa pembe ya ndovu au jino la nguruwe mwitu. Hapa historia ya chombo hiki inapita kwetu. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu katika Afrika Mashariki. Wapagazi walizibeba kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavuka bahari, na kutoka Unguja zikasafirishwa Bombay, London na Marekani, ambayo ilifungua ubalozi mdogo Zanzibar mwaka 1837. Sheffield ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa pembe kwa ajili ya mipini ya visu. Connecticut, nayo, ilikuwa na miji iliyoishi kwa kukata pembe za vinanda na vitana, Deep River na Ivoryton, ambayo imo katika bonde la mto uleule uliojulikana kwa mashamba ya jani la nje la biri. Anasa ya ukumbi mmoja wa Ulaya ilibebwa mabegani mwa watu wa Unyamwezi.

Jina lililotoka jukwaani

Kikatio kinachotumika zaidi leo kinaitwa gilotini, na jina hilo lina damu. Oktoba 1789 daktari Joseph-Ignace Guillotin alipendekeza mbele ya Bunge la Ufaransa kwamba kila aliyehukumiwa kifo auawe kwa njia moja, bila kujali tabaka lake na bila mateso. Hakuibuni mashine yenyewe. Mchoro ulisimamiwa na daktari wa upasuaji Antoine Louis, na aliyeijenga ni Tobias Schmidt, fundi wa vinanda kutoka Ujerumani. Ilitumika mara ya kwanza 25 Aprili 1792, na Januari 1793 ikamwua mfalme Louis wa 16.

Tukiuweka ukatili wake kando, mashine ile ilikuwa na mambo mawili ambayo fundi wa kikatio aliyahitaji. La kwanza ni reli: wembe ulishuka ndani ya mifereji miwili, haukuweza kuyumba. La pili ni mshazari: makali hayakuwa ya mlalo bali yalikatwa kwa pembe. Makali ya mlalo hugusa kitu chote kwa mpigo, kwa hiyo nguvu yote hugawanywa juu ya upana wote na kitu hupondwa kabla ya kukatika. Makali ya mshazari huanza kugusa mahali pamoja, kisha mguso unasogea hatua kwa hatua. Kila sekunde nguvu yote iko kwenye eneo dogo. Kanieneo ni nguvu kugawa kwa eneo. Eneo likipungua, kanieneo hupanda, na kitu hukatika kwa msukumo mdogo.

Fundi wa kikatio alizichukua kanuni hizo akazitia kwenye kipande cha kutosha kiganjani. Reli zikawa mifereji kati ya mabamba mawili. Mshazari akaupinda ukawa upinde, kwa kuwa biri ni ya duara.

Wembe mmoja, nyembe mbili

Gilotini ya mfukoni ya kwanza ina wembe mmoja. Biri huingizwa tunduni, wembe husukumwa kwa kidole, na upande wa pili ukingo wa tundu huizuia biri isikimbie. Kasoro yake iko hapo. Upande wa wembe biri inakatwa, lakini upande wa pili inasukumwa dhidi ya ukingo usio na makali. Wembe ukiwa mkali na mkono ukiwa mwepesi, haidhuru. Makali yakianza kufa, upande wa pili unabonyea na jani la nje linapasuka chini ya bega, mahali ambapo kofia inaishia. Likipasuka hapo hakuna tena kinachoizuia biri isifumuke.

Jibu lilikuwa kuweka nyembe mbili zinazokutana. Kila mmoja unakwenda nusu ya njia, na nguvu zinazotoka pande mbili zinapambana katikati ya biri zikalingana, kwa hiyo biri haisukumwi popote. Hebu tuifungue moja tuitazame. Kila wembe una makali yaliyopinda kwa ndani. Ukizifungua zote mbili zinaacha tundu la duara; ukizisogeza karibu, tundu linakuwa jembamba lenye umbo la yai, na mikunjo yake inaivuta biri yenyewe hadi katikati. Mkono wa mvutaji hauhitaji kulenga, umbo limelenga tayari. Pili, angalia namna makali yalivyonolewa: kila wembe umenolewa upande mmoja tu, ule wa nje. Upande wa ndani umeachwa bapa kabisa, kwa sababu nyembe hizo mbili hupishana zikigusana mgongo kwa mgongo. Nafasi ikibaki kati yake, hata ya unene wa jani, jani litaingia humo likunjwe badala ya kukatwa.

Ndiyo maana thamani ya kikatio haionekani katika umbo bali katika vipimo. Kikatio cha bei ya chini na cha bei ya juu vinafanana sura. Tofauti ni kwamba katika cha kwanza nyembe zinacheza ndani ya mifereji, na katika cha pili zinateleza bila kuyumba. Chuma nacho kina mtihani wake. Kikifanywa kigumu mno, ncha za makali zinakatikakatika. Kikiwa laini mno, makali yanalala baada ya biri chache. Fundi hukipasha moto, hukipoza ghafla kiwe kigumu, kisha hukipasha tena kwa moto wa wastani kipunguze wepesi wa kuvunjika.

Mkasi wa biri ulichukua njia nyingine. Ni wenzo: egemeo liko katikati, vidole upande mmoja, makali mafupi yaliyopinda upande wa pili. Kwa kuwa mikono ya mkasi ni mirefu kuliko makali yake, nguvu ya vidole huzidishwa. Gharama yake ni mkono uliotulia, kwa sababu mkasi hauna reli ya kuuongoza, na mtu akiupindisha kidogo mkato unakuwa wa upande. Watu wa pwani yetu wanakifahamu chombo cha ukoo huo: kile cha kukatia popoo za tambuu, chenye bawaba mwishoni na popoo ikikaa kati ya bawaba na mkono. Popoo ni ngumu, inataka nguvu nyingi, ndiyo maana bawaba imewekwa mwisho. Biri ni laini, inataka uongozi kuliko nguvu, ndiyo maana gilotini isiyo na wenzo wowote imeushinda mkasi.

Kuna jibu la tatu, la kutokata kofia yote. Wembe wenye umbo la herufi V huchimba mfereji katikati ya kichwa na kuacha kingo za kofia zikiwa salama. Kitoboleo cha duara, bomba fupi lenye makali mdomoni, huzungushwa na kung'oa kisahani kidogo cha jani. Sindano hutoboa tu. Hizi zote hupunguza hatari ya biri kufumuka, lakini hubana njia ya moshi. Hesabu inaonyesha wazi: tundu la kitoboleo cha milimita 9 lina eneo la milimita za mraba 64 hivi, wakati mkato ulionyooka uliofungua duara la milimita 15 unatoa eneo la 177, karibu mara tatu. Njia ikiwa nyembamba moshi hukimbia kwa kasi, huwa wa moto zaidi, na lami hujikusanya mahali pamoja. Na kitoboleo hakina kazi kabisa kwa biri iliyochongoka, kwa kuwa kichwa chenyewe ni chembamba kuliko bomba. Winston Churchill, anayesifiwa kuwa mvutaji mashuhuri kuliko wote, alipendelea kutoboa kichwa cha biri kwa kijiti kirefu cha kiberiti.

Kikatio kilichokaa dukani

Mwishoni mwa karne ya 19 kikatio kilitoka mfukoni kikapanda juu ya kaunta. Marekani ya wakati huo ilikuwa nchi ya biri. Ziliuzwa moja moja katika kila duka la tumbaku, hoteli na baa. Kampuni kama Erie Specialty ya Erie, Pennsylvania, na Brunhoff ya Cincinnati zilitengeneza vikatio vya chuma cha kusubu vyenye mapambo na tangazo la biri fulani mbele. Mteja alinunua biri, akaingiza kichwa chake tunduni, akabonyeza, na springi ikaurusha wembe. Vingine vilikuwa na mtambo wa kujazwa kwa ufunguo kama saa: mguso mdogo wa biri ulifungua kizuizi na wembe ukapita.

Springi hiyo ilileta kitu ambacho kidole hakikuwa nacho, yaani kasi isiyobadilika. Jani lenye unyevu hunyumbuka. Ukilisukuma polepole lina muda wa kukunjika mbele ya makali. Likipigwa ghafla halina muda, linakatika. Mkono wa mtu husita, springi haisiti. Tundu lenyewe lilipangiwa kina, hivyo biri haikuweza kuingia zaidi ya inavyotakiwa. Ustadi wa mvutaji ulihamishwa ukawekwa ndani ya mashine, hata mlevi akakata vizuri.

Vipande vilivyokatwa vilianguka kwenye kisanduku, navyo havikutupwa. Nchini Ujerumani katika karne ile kulikuwa na vyama vya hisani vilivyokusanya vichwa vya biri, vikaviuza kwa watengenezaji ugoro, na kwa fedha hizo vikawanunulia watoto maskini nguo za Krismasi.

Enzi hiyo iliuawa na sigara. Mwaka 1881 James Bonsack wa Virginia alipewa hataza ya mashine ya kusokota sigara, iliyoweza kutoa zaidi ya 100,000 kwa siku wakati mfanyakazi wa mkono alitoa elfu chache tu. James Duke, mwenye kiwanda cha sigara, akaikodi, bei ikaanguka, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaipeleka sigara katika kila handaki. Sigara hukatwa na mashine pande zote mbili, haina kofia. Biri nazo zilianza kusokotwa kwa mashine, na nyingi ziliuzwa zikiwa zimetobolewa kichwa tayari. Vikatio vya kaunta vikaondolewa kimoja kimoja, vikaishia kwa wakusanyaji wa vitu vya kale.

Chuma kisichoshika kutu na biri zilizonenepa

Wakati soko linafifia, chuma kilikuwa kinaboreka. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, alipata mchanganyiko wenye kromiamu ya karibu asilimia 13 ambao haukushika kutu. Kwa kikatio ulikuwa ukombozi. Biri hutunzwa kwenye unyevu wa asilimia 70 hivi ili jani lisikauke na kupasuka, na unyevu huo pamoja na utomvu wa tumbaku vilikuwa vikiyala makali ya chuma cha kawaida. Sasa ikawezekana kutengeneza wembe mwembamba na kuuacha mfukoni bila mafuta.

Siasa nazo ziliingia. Februari 1962 Rais John Kennedy alitia saini vikwazo vya biashara dhidi ya Cuba. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba Kennedy alimwagiza kwanza amtafutie biri 1,000 za Kikuba. Alipomletea 1,200, ndipo rais alipotoa karatasi akasaini. Wasokotaji na mbegu vikasambaa hadi Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nikaragua.

Miaka ya 1990 biri ilirudi kuwa mtindo Marekani. Jarida la Cigar Aficionado lilianzishwa 1992, mauzo yakapanda, na safari hii biri zilikuwa nene. Unene hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi: biri ya kipimo cha 42, iliyokuwa ya kawaida zamani, ina kipenyo cha milimita 16.7, ya kipimo cha 50 ina 19.8, ya 60 inafika 23.8. Kikatio cha babu kilichoning'inia kwenye mkufu wa saa hakikuweza tena kumeza kichwa. Watengenezaji wakapanua matundu, na upanuzi huo ukadai wembe mrefu zaidi, mfereji mrefu zaidi, na kidole chenye nguvu zaidi.

Ndipo kampuni ya Xikar ya Kansas City ilipounganisha koo mbili zilizokuwa mbalimbali. Ilitoa kikatio chenye umbo la tone ambacho nyembe zake mbili hazisukumwi kwa kunyooka bali huzunguka kwenye egemeo, kama za mkasi, huku zikipishana ndani ya mwili mmoja kama za gilotini. Springi hukifungua, kiganja hukifunga. Nguvu ya wenzo na uongozi wa reli vikakaa katika chombo kimoja. Watengenezaji wengine walifuata njia rahisi zaidi: waliziba nyuma ya tundu kwa bamba, biri ikasimama juu yake, na wembe ukapita milimita mbili tu juu ya bamba hilo. Asiyejua bega la biri liko wapi hawezi kukosea.

Deni la moshi

Historia ya chombo hiki haiwezi kutenganishwa na biri kiliyoitumikia. Mwaka 1862, baada ya ushindi wa Fort Donelson katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, magazeti ya Marekani yalimtaja Jenerali Ulysses Grant akiwa na biri mkononi, na wananchi wakamtumia zawadi ya biri zipatazo 10,000. Alikufa 1885 kwa saratani ya koo. Sigmund Freud aligunduliwa na saratani ya mdomo 1923, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, na hakuacha biri hadi karibu na mwisho wake 1939. Fidel Castro, ambaye picha zake na biri zilikuwa tangazo bora kuliko lolote ambalo Cuba ingeweza kulipia, aliacha mwaka 1985 ili awe mfano wa kampeni ya afya. Mwaka 1998 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa ripoti nzima juu ya biri na kuonyesha kwamba zinasababisha saratani za mdomo, koo, umio na mapafu. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya vifo milioni 7 vya tumbaku kila mwaka.

Tanzania si nchi ya biri. Tumbaku ya Tabora na Urambo hukaushwa kwa hewa ya moto na kwenda kwenye sigara. Ya Ruvuma, inayokaushwa kwa moshi, ina masoko yake. Vikatio vinavyoonekana Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa viko kwenye hoteli kubwa na maduka ya viwanja vya ndege. Lakini ubunifu hauna uraia. Mwalimu wa chuo cha ufundi stadi anayetaka kuwaonyesha wanafunzi kabari, reli, egemeo, msuguano, ugumu wa chuma na nafasi ya vipimo kati ya sehemu mbili zinazopishana hahitaji mashine ya mamilioni. Chombo chenye vipande visivyozidi kumi kinayo yote, na kila kipande kipo kwa sababu inayoweza kuelezwa kwa sentensi moja.

Kikatio cha biri hakina tena mengi ya kuongezewa. Kinaweza kupambwa kwa mbao adimu au kwa dhahabu, lakini swali lililokizaa limejibiwa: makali yakutane kutoka pande mbili, yaongozwe, yasizidi kina, yapite haraka. Hayo ni mafunzo mazuri kwa yeyote anayebuni kitu, kuanzia panga la kuvunia hadi mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Basi mwalimu wa ufundi akipata kikatio, akifungue mbele ya wanafunzi wake, akipime, akifunge tena. Biri yenyewe aiache dukani.